Jicho la Farasi Halingoji Jumamosi

Leo nataka tuzungumze juu ya farasi, na hasa juu ya jicho lake.

Najua kuna watakaosema farasi ni mambo ya watu wa kartie ya Golf hapa Lubumbashi, watu wenye nyumba za ukuta mrefu na motokari mbili. Wenye farasi ndio hao, sikatai. Lakini anayemwamsha farasi alfajiri, anayemchotea maji, anayemsugua mgongo na kuondoa mavi yake, huyo ni kijana wa kwetu, anayekuja kazini kwa miguu au kwa basi. Mazungumzo ya leo nayapeleka kwake kwanza, halafu kwa patron wake. Maana ugonjwa nitakaoueleza huanza saa ambayo mwenye farasi hayupo.

Unaanza hivi. Asubuhi kijana anaingia bandani na kukuta farasi amefumba jicho moja nusu. Machozi yanamtiririka mpaka shavuni, manyoya ya pale yamelowa. Kope za juu, ambazo kwa farasi mzima hunyooka mbele, zimeinama chini. Akitolewa nje, jua la Katanga linamuumiza, anageuza kichwa. Kijana anatazama angani: ni mwezi wa nane, barabara zote zinatimka vumbi jekundu, malori ya madini yanapita usiku na mchana. Anasema ni vumbi tu, anamuosha uso kwa maji safi. Siku kadhaa zinapita, jicho linafunguka. Kila mtu anafurahi, na jambo linasahauliwa.

Baada ya miezi miwili au mitatu linarudi. Jicho lile lile, machozi yale yale. Linatulia tena, linarudi tena. Mwishowe siku moja patron anakuja na kuuliza mbona jicho la farasi wake limekuwa jeupe, mbona limepungua ukubwa, mbona farasi anagonga bega kwenye mlango. Hapo hakuna dawa tena. Jicho limekwisha.

Ugonjwa huo madaktari wanauita uveiti ya kujirudia, yaani uvimbe wa ndani ya jicho unaokuja na kuondoka. Zamani Wazungu walidhani unafuata mwezi wa angani, ukiandama unakuja, ukipungua unaondoka. Mwezi hauhusiki. Lakini wazee wale walikuwa wameona jambo la kweli, kwamba ugonjwa huu una vipindi. Duniani kote ndio unaopofusha farasi wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ulaya, makadirio yanataja farasi 8 hadi 10 katika kila 100. Si ugonjwa wa nadra hata kidogo.

Sasa, ni nani anayeliharibu jicho hilo? Hapa ndipo jambo lenyewe linashangaza, na naomba mnivumilie nilieleze polepole. Vumbi halimo, na mara nyingi hakuna mdudu aliye kazini saa hiyo. Anayeliharibu ni mwili wa farasi mwenyewe.

Jicho ni kama nyumba yenye sentineli mkali mlangoni. Damu inapita nje, inaleta chakula, lakini chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, kwa kawaida hawaruhusiwi kuingia ndani ovyo. Kuna sababu. Askari wakipigana, wanavunja vitu. Kidonda cha mguuni kikivimba na kutoa usaha, kitapona na kuacha kovu, na mguu utaendelea kutembea. Ndani ya jicho kovu dogo tu linatosha kuzuia mwanga. Kwa hiyo jicho limeumbwa likae mbali na vita. Kwa farasi mwenye uveiti, mlango huo umevunjika. Chembe za kinga, hasa zile ziitwazo chembe T, zimefundishwa vibaya: zinaona protini za jicho lenyewe kama adui. Zinaingia, zinawasha moto, kisha zinatulia. Zinatulia, lakini hazisahau. Zinabaki humo zikingoja sababu nyingine ndogo.

Nani aliyezifundisha vibaya? Mshukiwa mkubwa ni bakteria aitwaye leptospira. Tangu miaka ya 1940 watafiti wa Ujerumani walianza kumhusisha na macho ya farasi, na tangu hapo ushahidi umeongezeka. Bakteria huyu anakaa katika figo za panya, za ng'ombe, za nguruwe, za mbwa, na hutoka pamoja na mkojo wao. Mkojo unaingia katika maji yaliyotuama na katika udongo uliolowa. Farasi anakunywa, au anakanyaga humo akiwa na mchubuko, na bakteria anaingia. Siku za kwanza pengine ni homa ndogo isiyoonwa na mtu. Jicho linaanza kuuma miezi kadhaa baadaye, hata miaka. Leptospira wana protini zinazofanana na protini za ndani ya jicho la farasi. Mbili kati ya protini hizo za bakteria zimepewa majina LruA na LruB. Mwili unaotafuta bakteria unakutana na jicho lake na kudhani ni bakteria. Marekani, aina ya leptospira inayotajwa sana ni Pomona. Ulaya ni Grippotyphosa.

Damu ya ukoo nayo inachangia. Farasi wa aina ya Appaloosa, wale wenye madoadoa kama ya chui, wanaugua zaidi ya wengine. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliona hatari yao ni mara 8 ya farasi wa aina nyingine. Kwao ugonjwa mara nyingi hauna hata makelele ya machozi. Unakula jicho kimyakimya, polepole, mpaka upofu. Kwa hiyo ukinunua farasi wa madoadoa kutoka Zambia au Afrika Kusini na kumpitisha mpakani Kasumbalesa, usiridhike kwamba halii machozi. Mwite daktari amtazame ndani ya jicho.

Niseme neno kuhusu nchi yetu, maana Congo ina historia katika jambo hili la macho yanayoharibiwa na kinga ya mwili. Mwaka 1932 daktari Mbelgiji, Jean Hissette, aliandika juu ya vipofu wengi aliowakuta katika vijiji vya kando ya mto Sankuru. Alionyesha kwamba upofu wao unatokana na minyoo midogo ya onkoserka, inayoletwa na inzi wadogo wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Wakubwa wa tiba kule Ulaya walisitasita kumwamini, mpaka mwaka 1934 watafiti wa Harvard, wakiongozwa na Richard Strong, walipofika Congo na kuona wenyewe. Baadaye ikajulikana jambo la ajabu: mnyoo mchanga akiwa hai ndani ya jicho, jicho mara nyingi linamvumilia. Anapokufa ndipo mwili unaposhtuka. Mabaki yake, pamoja na bakteria wadogo wa Wolbachia wanaoishi ndani yake, yanaamsha uvimbe, na uvimbe ndio unaopofusha. Dawa ya zamani iliyoua minyoo hiyo michanga kwa mara moja ilifanya macho ya wagonjwa wengine yawe mabaya zaidi. Ivermectin ilipokuja, ikifanya kazi taratibu, mambo yakabadilika.

Farasi naye ana mnyoo wa ukoo huo huo, anayekaa katika kano kubwa ya shingo, na watoto wake husafiri chini ya ngozi mpaka karibu na jicho. Siku hizi farasi wanaopewa dawa ya minyoo mara kwa mara hawasumbuliwi naye sana. Lakini nataka mshike hili: Wakongomani wa Sankuru walilipa kwa macho yao ili dunia ijue kwamba jicho linaweza kuharibiwa na jibu la mwili kuliko na mdudu mwenyewe. Sehemu ya elimu hiyo ilitoka hapa kwetu. Haifai sisi tuwe wa mwisho kuitumia.

Na leptospira hachagui kati ya farasi na mtu. Mwaka 1993 mafuriko makubwa yalipiga eneo la Madurai, kusini mwa India. Miezi iliyofuata, watu wengi walikuja hospitali ya macho wakiwa na uveiti, na uchunguzi ukaonyesha leptospira. Walikuwa wakulima na watu wa kawaida walioingia katika maji machafu. Fikirini basi Lubumbashi yetu kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu, mifereji imejaa takataka, maji yamesimama mbele ya mlango, panya wanapita. Kijana anayefanya kazi bandani bila buti za mpira anakanyaga maji yale yale anayokanyaga farasi. Akikwangua mkono kwenye msumari, mlango umefunguka. Homa kali, misuli ya mguu inauma, macho mekundu: asikimbilie kusema ni malaria tu. Amwambie daktari kwamba anafanya kazi na wanyama.

Turudi kwa farasi, na hapa nataka kukaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo macho mengi yanapotea bure.

Farasi akifumba jicho, watu wanakwenda farumasi. Wanaeleza, wanapewa kichupa cha matone. Au wanatumia kichupa kilichobaki nyumbani, alichokuwa akitumia mtoto. Ndani ya vichupa vingi vya namna hiyo mna deksametazoni au prednisoloni, dawa za kuzima uvimbe. Kwa uveiti ndizo dawa zenyewe. Lakini kama farasi huyo hana uveiti, kama amechomwa na mwiba au jani kavu na kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kina kidonda, dawa hiyo hiyo inakuwa sumu. Inazuia kidonda kufunga, inawaachia njia bakteria na ukungu. Farasi ni mnyama ambaye ukungu unapenda jicho lake, hasa nchi za joto, na jicho lenye kidonda cha ukungu likitiwa deksametazoni linaweza kutoboka katika muda mfupi sana.

Ndiyo maana veterineri mwenye kuijua kazi yake haanzi na dawa. Anaanza na rangi iitwayo fluoresini. Anadondosha tone, anaosha, anatazama kwa taa. Palipo na kidonda panang'aa kijani. Pasipo na kijani, anaweza kuendelea. Ni kipimo rahisi, cha bei ndogo, kinachukua dakika chache. Mtu anayetaka kumtilia farasi wako matone bila kufanya hivyo, mzuie.

Kama ni uveiti kweli, dawa inayofuata ni atropini. Uvimbe unabana mboni, mboni inakuwa ufa mwembamba, na kubanwa huko kunauma vibaya. Tena iris, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, inaweza kushikamana na lenzi iliyo nyuma yake, na vikishikamana, haviachani kwa urahisi. Atropini inafungua mboni, inatuliza maumivu, inazuia kushikamana. Ina shida moja: inaweza kulegeza matumbo, na farasi tumbo likisimama anaweza kufa. Kwa hiyo kijana wa bandani anapewa kazi ya kuhesabu mavi. Farasi akiacha kunya kama kawaida, au akianza kujitazama ubavuni, daktari aambiwe saa hiyo hiyo.

Pamoja na hizo, farasi hupewa dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe mwilini, kama fluniksini, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ikizidi inachoma tumbo na figo. Anawekwa mahali penye kivuli, au anavalishwa kinyago cha kukinga jua na nzi. Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, dawa haziachwi siku jicho linapofunguka. Zinaendelea angalau wiki 2 baada ya dalili zote kuisha, zikipunguzwa polepole. Watu wetu wanaacha mapema. Wanaona jicho limefunguka, wanahesabu franka zilizokwisha kutoka, wanasema basi. Wakati huo ndani ya jicho moto bado unafuka, na shambulio la pili linatayarishwa hapo.

Mbali na sisi, madaktari wamekwenda hatua nyingine. Marekani, Brian Gilger na wenzake wametengeneza kidonge kidogo cha siklosporini kinachopandikizwa ndani ya kuta za jicho na kutoa dawa taratibu kwa miaka. Ujerumani wanafanya upasuaji wa kuondoa maji mazito ya ndani ya jicho na kuyabadilisha, hasa leptospira akionekana humo. Wengine wanadunga jicho jentamisini kidogo sana. Chanjo ya leptospira kwa farasi iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Nayasema ili mjue kwamba ugonjwa huu unapiganiwa, sio wa kukatiwa tamaa. Lakini jicho la farasi wa Lubumbashi litaokolewa zaidi na vitu vya kawaida: taa, fluoresini, atropini, prednisoloni, na saa.

Saa, wapenzi wasikilizaji. Kila saa ambayo mboni imebanwa, kushikamana kunaendelea. Na saa za mwanzo ziko mikononi mwa nani? Ziko mikononi mwa kijana wa bandani. Anaona kwanza, lakini hana ruhusa ya kumwita daktari. Hana kredi katika simu. Akipiga, anaogopa kuambiwa amemuumiza farasi yeye. Basi ananyamaza, anaosha jicho, anangoja patron aje Jumamosi kupanda. Hii ndiyo sababu ya upofu ambayo vitabu haviiandiki, na ninaitaja kwa moyo mzito, kwa kuwa ni ya aibu na ni rahisi kuiondoa.

Wewe kijana, fanya hivi kila jioni. Mtazame farasi machoni kabla ya kufunga mlango. Mboni ya farasi imelala kama yai lililolazwa, na ukingo wake wa juu una vinundu vyeusi. Hivyo ni vya kawaida, usivishtukie. Ndani ya banda lenye giza mboni zote mbili zinatakiwa ziwe wazi. Moja ikiwa wazi na nyingine imebana, hiyo si kazi ya vumbi. Kioo cha jicho kikiwa na ukungu wa samawati, au ukiona mstari wa njano chini ndani ya jicho, ni hatari. Kama shimo lililo juu ya jicho limejaa na kuvimba, na farasi ana homa na anapumua kwa shida, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, ule wa farasi wa Afrika uletwao na vijidudu vya usiku, nao unaua haraka. Mwite daktari bila kungoja asubuhi.

Nawe unayenunua farasi, angalia sana. Farasi mwenye uveiti kati ya mashambulio anaonekana mzima, na muuzaji asiye na huruma anaijua siku ya kumwonyesha. Wafaransa walilijua tatizo hili zamani. Sheria yao ya tarehe 2 Agosti 1884 ilimpa mnunuzi wa farasi siku 9 kulalamika kwa kasoro nyingi zilizofichwa, lakini kwa ugonjwa huu wa macho ilimpa siku 30, kwa kuwa walijua unajificha. Hapa kwetu usingoje sheria ikukinge. Kabla hujatoa dola zako, lete daktari na taa, ayatazame macho yote mawili ndani ya giza. Lenzi yenye doa, mboni yenye pembe zisizo sawa, iris iliyopoteza rangi, hizo ni alama za vita vilivyopita.

Farasi akishapofuka si lazima achinjwe. Wengi wanazoea, wanaishi miaka, mradi wasihamishwe ovyo, maji na chakula vikae mahali pamoja, na anayemkaribia aanze kwa kumsemesha. Jicho lililokufa na kuendelea kuuma, afadhali litolewe. Farasi ataacha kuteseka siku chache tu baadaye.

Na msidhani ni farasi peke yake. Punda na nyumbu wanaweza kuugua vilevile. Pale Lamu, pwani ya Kenya, ambako punda ndio gari la mji, kuna kituo cha kutibu punda tangu 1987, na maskini anapata huduma bila malipo. Hata kwetu inawezekana.

Lubumbashi haikukosa watu. Chuo Kikuu chetu, UNILU, kina kitivo cha tiba ya mifugo, na kimetoa veterineri wanaofanya kazi nchi nzima. Nawaomba walimu wa kitivo hicho wawapeleke wanafunzi kwenye mabanda ya farasi yaliyo mjini humu, washike taa, watazame macho mazima na macho mabovu, wafundishe vijana wa mabanda. Nawaomba ninyi wenye farasi mfanye mambo matatu kabla wiki hii haijaisha. Zibeni madimbwi yaliyo karibu na banda na fukuzeni panya. Mnunulieni kijana wenu buti za mpira. Kisha mpeni namba ya veterineri na kredi ya kupiga, na mumwambie kwa mdomo wenu kwamba siku akiona jicho limefumba anapiga simu kwanza, na bei mtaizungumza ninyi na daktari baadaye.